Mgonjwa asiye na jamaa: Muuguzi na amana aliyobeba, Mikumi hadi Kilosa



Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kuelekea Iringa, Mbeya na hatimaye mpaka wa Zambia, ikishaupita mji wa Morogoro huingia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi na kuikata kwa umbali wa kilometa zipatazo 50. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1964, na msafiri wa mchana huwaona twiga na pundamilia akiwa amekaa kitini mwake. Msafiri wa usiku haoni kitu ila taa za malori. Hifadhi ikimalizika ndipo unapofika mji mdogo wa Mikumi, uliomo katika Wilaya ya Kilosa, ambapo madereva hupumzika, ambapo barabara ya kushoto huelekea Kidatu na Ifakara, na ya kulia hupitia Ulaya (Ulaya ya Kilosa, si ile ya wazungu) hadi Kilosa mjini kwenye reli ya kati.

Tumeianza makala ya Ijumaa hii barabarani kwa sababu maalumu. Basi likipinduka mahali kama hapo, majeruhi hawawi watu wa Mikumi. Ni watu wa Tunduma, Songea, Njombe na Dar es Salaam, ambao hawana shangazi wala binamu katika mji ule. Huletwa hospitalini wakiwa hawana viatu, simu zimepotea, wengine hawawezi hata kuyataja majina yao. Mikumi ipo Hospitali ya Mtakatifu Kizito, ya Jimbo Katoliki la Morogoro, na mlango wake hupokea Waislamu na Wakristo, wenye dini za jadi na wasio na dini, kwa sababu barabara haichagui.

Sasa tuitazame hali ya kuugua katika nchi yetu kama ilivyo. Mgonjwa wa Kitanzania hulazwa pamoja na jamaa zake. Jamaa ndiye aletaye uji asubuhi, ndiye aendaye dukani kununua dawa iliyokosekana, ndiye afuaye shuka na ndiye amwitaye muuguzi dripu ikiisha. Nusu ya uuguzi, kwa hakika, hufanywa na dada au mama aliyelala juu ya mkeka chini ya kitanda. Je, yule aliyeokotwa barabarani, ambaye hana hata mmoja wa kumshikia kikombe, nusu hiyo atafanyiwa na nani?

Hapo ndipo maadili ya uuguzi yanapopimwa. Mgonjwa mwenye jamaa wanne wenye sauti kubwa atahudumiwa hata na muuguzi mvivu, kwa kuwa jamaa watapiga kelele. Mgonjwa asiye na mtu atahudumiwa na muuguzi mwenye kumcha Mungu na mwenye kuiheshimu kazi yake.

Hema la Rufaida

Jambo hili si geni katika historia yetu. Mwaka wa 5 Hijria, sawa na mwaka 627, katika vita vya Khandaq, sahaba Saad bin Muadh (R.A.) alichomwa mshale katika mshipa wa mkono. Mtume (S.A.W.) akaamuru apigiwe hema msikitini ili awe karibu naye na apate kumjulia hali. Waandishi wa sira wanamtaja mwanamke wa kabila la Aslam, jina lake Rufaida, kuwa ndiye mwenye hema la kutibu majeruhi, na wanaeleza kwamba alijitolea nafsi yake, kwa kutaraji malipo ya Mola wake, kuwahudumia wale Waislamu ambao hawakuwa na mtu wa kuwatazama.

Tunaomba msomaji asiipite haraka sentensi hiyo ya mwisho. Wale ambao hawakuwa na mtu wa kuwatazama. Madina ya siku hizo ilijaa wahajiri walioacha koo zao Makka, na kila aliyejeruhiwa akiwa na mama au dada alichukuliwa nyumbani kwake. Waliobaki walibaki kwa Rufaida. Tena hakuwa peke yake. Rubayyi bint Muawwidh (R.A.) amesimulia, kama ilivyopokewa katika Sahihi ya Bukhari, kwamba wanawake walitoka pamoja na Mtume vitani wakiwanywesha watu maji, wakiwatibu majeruhi na kuwarudisha Madina; na Ummu Atiyya (R.A.) alishiriki katika vita saba kwa kazi za namna hiyo.

Karne nyingi baadaye, mwaka 1854, Florence Nightingale wa Uingereza alikwenda Scutari, ng'ambo ya Istanbul, kuwauguza askari wa vita vya Crimea. Siku aliyozaliwa, 12 Mei, ndiyo Siku ya Wauguzi Duniani, na kila mwaka wauguzi wa Tanzania huiadhimisha kwa kuwasha mishumaa na kukirudia kiapo chao. Kiapo chenye jina la Nightingale hakikuandikwa na yeye mwenyewe, kama wengi wanavyodhani, bali kilitungwa mwaka 1893 huko Detroit, Marekani, na kamati iliyoongozwa na muuguzi Lystra Gretter. Baraza la Kimataifa la Wauguzi, lililoundwa mwaka 1899, lilipitisha kanuni zake za maadili mwaka 1953, na toleo la karibuni ni la mwaka 2021. Hapa kwetu ipo Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, na lipo Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, ambalo husajili, hutoa leseni, na huweza kumfutia usajili muuguzi aliyekiuka miiko. Tunayataja haya ili familia zijue kuwa muuguzi aliyefanya vibaya anao wa kumuuliza, na kwamba kumtukana dirishani siyo njia ya kumshitaki.

Turejee kwa yule majeruhi. Kitu cha kwanza anachodaiwa ni kutibiwa. Hapa pana kauli inayosikika sana, kwamba aliyeumia hatibiwi mpaka ailete PF3, yaani fomu ya polisi. Fomu hiyo ina kazi yake, kwani ndiyo inayobeba maelezo ya tabibu iwapo shauri litafika mahakamani, na anayeumia hana budi kuipata. Lakini damu haisubiri karatasi. Kanuni ya taaluma haina utata katika hili: uhai hutangulia, fomu hufuata. Na Qur'ani Tukufu katika Suratul Maida imelipa tendo la kuiokoa nafsi moja uzito wa kuwaokoa watu wote. Muuguzi anayezuia damu kwanza, kisha akamwelekeza mtu aliyemleta aende kituo cha polisi, ametimiza yote mawili.

Kitu cha pili ni mali. Abiria wa masafa marefu husafiri na fedha: mwingine ana mtaji wa mchele, mwingine ada ya mtoto. Akifikishwa akiwa hajitambui, mfuko wake umo mikononi mwa watu asiowajua. Utaratibu mzuri wa wodi ni kuvihesabu vitu hivyo mbele ya shahidi, kuviandika katika daftari, kutia saini mbili, na kuvifungia. Utaratibu huo huonekana ni kazi ya karani, lakini kwa imani yetu ni amana kwa maana kamili ya neno hilo, nasi tumeamrishwa katika Suratun Nisaa kuzirejesha amana kwa wenyewe. Shilingi 200,000 za mtu aliyezirai hazina mlinzi mwingine duniani isipokuwa dhamiri ya aliyemvua koti.

Noti ndani ya karatasi

Hapa inatupasa tujishitaki wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulimuuguza mzazi wetu katika hospitali moja ya mbali na huko, ambayo hatutaitaja. Alikuwa amepooza upande mmoja. Siku ya pili tukaingiwa na hofu kwamba usiku asingetazamwa, basi tukaikunja noti ya shilingi 5,000 ndani ya karatasi ya daftari na kumpenyezea muuguzi wa zamu, tukisema ni ya soda. Dada yule aliifungua mbele yetu, akaturudishia.

"Kaka, mzee huyu atageuzwa kila baada ya saa mbili, utoe usitoe," alisema. Kisha akatuonyesha kwa kidevu kitanda cha jirani, alipolala mzee ambaye tangu tufike hatukumwona mgeni wake hata mmoja. "Na yule je? Nani atamtolea?"

Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatuna. Tulikuwa tumezoea kuyasema maovu ya wauguzi wanaopokea, na siku hiyo tukajiona sisi ndio wenye kutoa. Rushwa katika wodi hulipwa na wawili: anayetoa fedha na yule wa kitanda cha pili ambaye zamu yake ya kugeuzwa imeuzwa. Mgonjwa wa kupooza asipogeuzwa hupata vidonda vya mgongo, na vidonda hivyo humuua mtu ambaye kiharusi kilikuwa kimemwacha hai. Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kutoa rushwa na mwenye kuipokea kwa pamoja, lakini sisi tunapofika hospitalini tunaisoma nusu ya hadithi.

Tuseme pia, kwa uadilifu, kwamba muuguzi yule tulimwona peke yake usiku ule katika wodi iliyojaa, akitoka kitanda hadi kitanda bila kukaa. Uhaba wa wauguzi nchini ni jambo lijulikanalo, na zahanati za vijijini ndizo zinazoumia zaidi. Huko mtu mmoja ndiye mkunga, mchoma sindano, mtoa chanjo na mwandika taarifa. Akiwa mwanamume, wanakijiji humwita dokta, naye hachoki kuwasahihisha mpaka siku moja anachoka kweli. Uchovu haumhalalishii mtu kumtukana mama mwenye uchungu, wala hatutaki kuusingizia; ila familia iliyoamka imelala haina haki ya kumpigia mtu kelele saa 11 alfajiri kana kwamba naye ametoka kitandani.

Siri si ya ukoo

Katika mambo yanayogombanisha familia zetu na wauguzi, tunaloliona kubwa kuliko yote ni siri ya mgonjwa.

Tulipata kukaa katika benchi la kituo kimoja cha afya, mahali pengine kabisa, tukisubiri dawa. Dirisha likafunguliwa, na sauti ikaita kwa nguvu: nani huyu wa dawa za kifua kikuu? Watu wote wakageuka. Aliyesimama alikuwa kijana wa miaka kama 20, na alipokwisha kupokea dawa zake hakurudi kukaa. Kifua kikuu hutibiwa kwa dawa za miezi isiyopungua sita kwa kawaida, kila siku bila kuruka, na mtu aliyeaibishwa mara moja ana sababu ya kutorudi mara ya pili. Akiacha, ugonjwa hurudi ukiwa sugu, nao huambukiza nyumba nzima. Sauti ile ya dirishani, basi, haikuwa kukosa adabu tu.

Hilo ni kosa la upande wa hospitali. Upande wetu tuna kosa lenye sura ya upendo. Mama mkwe anafika kliniki na kumuuliza muuguzi, binti yangu mmemwona na nini? Kaka mkubwa anadai, mimi ndiye msimamizi wa familia, niambieni. Mume anasimama mlangoni mwa chumba cha ushauri nasaha. Muuguzi akikataa kusema, anaitwa mwenye kiburi. Nasi tunasema kwa uwazi, juu ya ukurasa huu wa dini, kwamba muuguzi huyo yuko katika haki. Maradhi ya mtu mzima ni ya mtu huyo. Yeye ndiye amwambiaye amtakaye.

Watatuuliza, na mume je, anapopaswa kujua kwa usalama wake? Swali hili ni la haki, hasa kuhusu virusi vya UKIMWI. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 imeifanya siri ya majibu kuwa ndiyo asili, na wakati huohuo imemtwika mwenye kupimwa wajibu wa kumjulisha mwenzi wake. Kazi ya muuguzi ni kumsaidia mtu afikie kusema: kumwita tena, kumpangia siku ya kuja wawili, kukaa nao wakati neno linapotamkwa. Hapo panahitaji subira. Wapo wanawake waliofukuzwa nyumbani siku ileile majibu yao yalipovuja, na wengine wao ndio walioletewa maradhi na mume mwenyewe. Muuguzi anayejua hili hupima maneno yake kwa mizani ya dhahabu. Mafundisho yetu juu ya kusitiri aibu ya Muislamu, na onyo la Suratul Hujurat juu ya kupelelezana na kusengenyana, hayasimami kwenye ngazi za hospitali; huingia hadi ndani.

Ugumu huongezeka wakati wa maafa. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 mto Mkondoa uliufurikia mji wa Kilosa, ukabomoa nyumba, ukaikata reli ya kati na kuwaacha maelfu ya watu wakiishi katika mahema. Mtu anywaye dawa za kila siku, kadi yake ikichukuliwa na maji, atajieleza vipi mbele ya hema lisilo na ukuta, jirani zake wa miaka 30 wakiwa wamepanga foleni nyuma yake? Muuguzi mwenye hekima humwita pembeni, husema naye kwa sauti ya chini, na haandiki ugonjwa wake katika karatasi inayopita mikono mitano. Hakuna kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya kila hema. Kinachobaki ni mtu mwenyewe na malezi yake.

Nani anasaini?

Sasa tuingie wodi ya wazazi. Takwimu za utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 zimeonyesha vifo 104 vya kina mama kwa kila vizazi hai 100,000, wakati utafiti wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha 556. Ni hatua kubwa, Alhamdulillah. Lakini nyuma ya kila mmoja wa hao 104 zipo saa fulani zilizopotea, na baadhi ya saa hizo hupotea kwa simu.

Mama amefika, uchungu hauendelei, tabibu anasema lazima upasuaji. Mama mwenyewe ana akili timamu na amekubali. Jamaa wanasema, tusubiri, baba wa mtoto yuko safarini, simu yake haipatikani. Bibi naye anasema katika ukoo wetu hakuna aliyepasuliwa. Kwa mujibu wa maadili ya tiba, mtu mzima mwenye fahamu zake huridhia mwenyewe matibabu ya mwili wake, akiwa ameelezwa kwa lugha anayoielewa kitakachofanyika, faida yake na hatari yake. Mume hushauriwa, na ni jambo jema. Lakini mkono unaosaini ni wa mama. Familia ya Kiislamu inayomcheleweshea mama kisu kwa kungoja ruhusa ya mtu aliyeko Tunduma isiseme kuwa inafuata dini. Dini imemuwekea mume uangalizi ili amlinde mkewe, na huu si ulinzi.

Kilosa ina ugumu wake wa ziada katika jambo hili. Ni wilaya ya Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, na pia ya wafugaji wa Kimaasai na Wabarabaig, na baadhi ya kina mama wa kifugaji hawakijui Kiswahili vizuri. Mkalimani wao huwa ni mume. Muuguzi anauliza swali la mstari mmoja, mume anazungumza na mkewe kwa dakika tatu, kisha anageuka na kusema: amekubali. Je, kakubali nini? Wauguzi wazoefu humtafuta mwanamke mwingine wa lugha hiyo, hata awe mgonjwa wa kitanda cha tatu anayekaribia kuruhusiwa, wakaliuliza swali upya, kwa kuchunga kwamba siri ya mama isitoke kwa njia hiyo. Hakuna njia isiyo na kasoro.

Na tusiisahau historia ya wilaya hii. Desemba 2000, wakulima 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni katika mapigano baina ya wafugaji na wakulima, na damu imemwagika tena katika miaka iliyofuata. Majeruhi wa ugomvi wa namna hiyo hawana hospitali mbili. Aliyepigwa mkuki na aliyepigwa shoka wanaweza kulazwa chini ya paa moja, na muuguzi anayewafunga bandeji huenda ana mjomba wake katika upande mmojawapo. Kanuni za kimataifa zinasema muuguzi asibague kwa kabila, dini wala siasa. Kuyasema hayo ukiwa Dar es Salaam ni rahisi. Kuyatenda saa nane za usiku, mbele ya mtu ambaye watu wako wanamwita adui, ni jihadi ya nafsi, nasi tunaamini malipo yake ni makubwa. Suratul Maida inatuonya kwamba chuki yetu kwa watu isituzuie kutenda uadilifu.

Swali la stara nalo lina haki ya kujibiwa, kwani kina mama huliuliza kila mara. Inajuzu kuhudumiwa na muuguzi mwanamume? Wanazuoni wamekubali kuwa asili ni mwanamke amhudumie mwanamke, na kuwa dharura huhalalisha kilichokatazwa kwa kiasi cha dharura hiyo. Mahali ambapo yupo mkunga wa kike, mama aseme kwa adabu kuwa anamtaka yeye, na kusema hivyo si usumbufu. Asipokuwepo, aombe mwanamke wa kusimama naye, pazia livutwe, na pafunuliwe panapohitajika tu. Kilosa mjini kuna chuo cha maofisa tabibu, na hospitali yoyote yenye wanafunzi inapaswa kumwomba mgonjwa ruhusa kabla watano hawajamzunguka. Anayo haki ya kukataa, na hatanyimwa tiba kwa kukataa huko. Haya yote ni maadili ya uuguzi wenyewe. Hayakuongezwa na sisi kwa ajili ya Waislamu.

Kuhusu Ramadhani tutakuwa wafupi. Mgonjwa amepewa ruhusa katika Suratul Baqara ya kula na kulipa siku nyingine. Mwenye kisukari anayechoma insulini, anayekunywa dawa za kifua kikuu au za kufubaza virusi, azungumze na muuguzi wa kliniki yake kabla ya mwezi kuandama, ili saa za dawa zipangwe au aambiwe asifunge. Muuguzi asiye Muislamu naye asimcheke. Amuulize tu, mama, mwezi huu unafunga? Swali hilo moja huepusha watu kuanguka njiani.

Anapokufa mgeni

Baadhi ya wale waliookotwa barabarani hawapati nafuu. Kazi ya muuguzi haiishi pumzi inapokatika. Humfumba macho, humnyoosha viungo, humfunika, na huutafuta utambulisho wake katika daftari lile la amana tulilolisema. Humpigia simu mtu asiyemjua, katika mji asioufika, na kumtafutia maneno. Hii ndiyo simu ngumu kuliko zote, na mafunzo yake ni kidogo.

Kwa Waislamu kuna haraka ya maziko, na mara nyingi kuna deni la matibabu. Serikali imekwisha kukataza mara kadhaa hospitali kuzuia maiti kwa sababu ya deni. Utaratibu wa kulipa upangwe na wafiwa, maiti iende. Muuguzi mwenyewe hana mamlaka ya kufuta ankara, kwa hiyo asitukanwe kwa jambo la ofisi nyingine. Aombwe awaonyeshe ofisi ya ustawi wa jamii au ya uongozi.

Lakini ikiwa jamaa hawajapatikana, au wako Mbeya na hawana nauli, kuosha, kukafini, kuswalia na kuzika ni faradhi ya kutosheleza juu ya Waislamu walio karibu, yaani wa Mikumi, wa Ruaha, wa Kilosa. Nao watajuaje kama hawakuambiwa? Tunapendekeza jambo dogo. Kila msikiti ulio karibu na hospitali katika barabara ile uchague watu watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja, wenye simu zisizozimwa usiku. Waende kwa matroni wakajitambulishe, na waeleze kuwa watamletea uji Muislamu yeyote asiye na jamaa, na asiyekuwa Muislamu pia, maana uji hauna madhehebu. Na kwamba mauti yakitokea, waitwe saa yoyote. Wasiulize ugonjwa wa mtu. Wasiingie wodini kuhubiri. Namba zao zibandikwe ukutani katika chumba cha wauguzi, kando ya ratiba ya zamu, na kila mwezi mmoja wao apite kuhakikisha kuwa karatasi bado ipo na namba bado inaita.